Fundi wa Safu ya Nyuma



Kamati ya jubilei ilipotupa kazi ya kuandika historia ya kwaya yetu, tulianza kwa kufungua kabati la vitabu na kutoa madaftari yote ya kumbukumbu za mikutano. Tuliyasoma moja baada ya jingine, hata yale ambayo kingo zake zimeliwa na mende. Tulikuta majina ya wenyeviti, walimu wa kwaya, mapadre, makatekista na wote waliochangia kinanda. Tulikuta hata jina la dereva wa lori lililotubeba kwenda Kisumu kwenye tamasha la kwaya.

Mtu mmoja tuliyekuwa tukimtafuta tulimkuta mahali pawili tu. Pa kwanza pameandikwa kwamba fundi atalipwa pesa zake za viti zitakapopatikana. Pa pili pameandikwa kwamba amesimamishwa kuimba kwa muda kwa sababu ya kukosa mazoezi mara 3 bila kutoa taarifa.

Mtu huyo aliimba nasi sauti ya nne kwa zaidi ya miaka 30. Viti mtakavyokalia leo ni kazi yake. Jukwaa la ngazi tutakalosimama juu yake ni kazi yake. Kabati tulilolifungua kutafuta habari zake nalo alihusika nalo, kama mtakavyosoma.

Tulikusudia kurekebisha kosa hilo kwa kuchapisha jina lake kwa herufi kubwa pamoja na picha yake. Tukaenda kwa mjane wake kuomba ruhusa. Alitukaribisha chai, akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akatuambia kwamba mumewe hakuwahi kuandika jina lake nyuma ya kiti hata kimoja, na asingependa liandikwe sasa. Akasema, "Andikeni alichofanya. Watakaomjua watamjua." Basi tutamwita Fundi, kama tulivyomwita alipokuwa hai. Sokoni walimwita fundi bao, kama maseremala wote wanavyoitwa kwa Kijaluo.

SOKO LA MPAKANI

Huwezi kumwelewa Fundi bila kuielewa Sondu. Mji wetu uko mahali ambapo kaunti 3 zinakutana: Kisumu, Homa Bay na Kericho. Mto wetu huanzia katika misitu ya Mau, hushuka kupitia nchi ya Wakipsigis, hupita hapa kwetu, huanguka kwenye maporomoko ya Odino, kisha huingia katika ghuba ya Winam watu wakiuita Miriu. Barabara ya kutoka Kisumu kwenda Kisii hupita katikati ya mji, na ile ya kutoka Kericho huungana nayo hapa.

Siku ya soko, wanaoshuka kutoka juu huleta mananasi, maziwa, viazi na mbao. Wanaopanda kutoka upande wa ziwa huleta samaki, omena, mtama na vyungu. Mbao za Fundi zilitoka juu, nyingi zikiwa saipresi na mikaratusi. Wateja wake wengi walitoka chini. Asingeweza kufanya kazi wiki 2 bila watu wa pande zote mbili, na jambo hilo alilijua tangu ujana wake.

Wazee wa ziwani walijua kuchonga viti na kuunda mashua tangu zamani. Useremala wa randa, misumari na bawaba ulikuja na reli na misheni. Reli ya Uganda ilifika ziwani Desemba 1901. Aliyesimamia kazi ya kutandika reli alikuwa Ronald Preston, na mkewe Florence alisafiri naye akiishi kwenye kambi za ujenzi, njia ilivyozidi kusonga mbele. Kituo cha mwisho kikaitwa Port Florence kwa heshima ya mama huyo, kabla jina la Kisumu halijashika. Fundi aliipenda sana habari hii. Kila alipokwenda Kisumu kununua misumari na gundi, aliporudi alimwambia mkewe kwamba ametoka katika mji uliopewa jina la mke wa fundi, na kwamba yeye bado anamtafutia wa kwake.

Baada ya reli zikaja shule za ufundi. Mapadre wa Mill Hill walifika Kisumu mwaka 1903 wakitokea Uganda. Mwaka 1906 kanisa la Kianglikana lilianzisha Maseno chini ya J. J. Willis, na vijana walifundishwa kazi za mikono pamoja na kusoma. Kila misheni ilihitaji milango, madawati na paa, kwa hiyo kila misheni iligeuka kuwa shule ya useremala, hata pale ambapo hakukuwa na darasa. Jirani yetu Nyabondo, ambako matofali ya kuchomwa hupakiwa kwenye malori mpaka leo, misheni na hospitali vilisimamishwa kwa jina la Mtakatifu Yosefu, seremala. Mjomba wa Fundi alikuwa mmoja wa watu waliojifunza kazi kwa kubeba mbao kwenye majengo ya namna hiyo. Fundi alijifunza kwa mjomba wake.

KAZI YA MIKONO YAKE

Mwaka wa kwanza, kwa maelezo yake mwenyewe, hakugusa randa. Alifagia maranda na kunyoosha misumari iliyopinda. Baadaye vijana waliokuja kujifunza kwake walipitia njia hiyo hiyo, na walionung'unika aliwaambia, "Nyathina, msumari uliounyoosha mwenyewe hutaupigilia ovyo."

Karakana yake ilikuwa na paa la mabati na nguzo za mikaratusi, pembeni mwa barabara. Nyuma yake zilipangwa mbao chini ya kivuli, moja juu ya nyingine, na katikati ya kila mbili akaweka vijiti ili hewa ipite. Zilikaa hivyo miezi mingi. Mafundi wengine walinunua mbao Jumatatu na kuuza kitanda Alhamisi. Kiangazi cha Januari kilipofika, kitanda kile kikapasuka na mlango ukakataa kufunga. Fundi alisema mbao mbichi husema uongo: leo imenyooka, kesho imepinda. Aliipiga ubao kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Kama sauti ilikuwa nzito na butu, aliurudisha kivulini.

Tazameni kiti mlichokalia. Kiti cha kanisa hubeba watu 6, nao huketi, husimama na kupiga magoti pamoja mara nyingi katika Misa moja. Msumari peke yake hulegea upesi. Fundi alitoboa tundu kwenye mguu wa kiti, akachonga ulimi kwenye mbao ya kukingama, akauingiza ulimi tunduni kwa gundi, kisha akaupigilia kigingi cha mbao. Inamisheni vichwa mtaviona vigingi hivyo, vyeusi kidogo kuliko mbao yenyewe. Kazi hiyo huchukua muda mara 3 ya kiti cha misumari, na sisi tulimlipa bei ya kiti cha misumari. Tena tulichelewa.

Jukwaa letu la ngazi 4 alilitengeneza kwa ajili ya Pasaka moja, baada ya wazee kulalamika kwamba wanawasikia wanaume wa kwaya lakini hawawaoni. Tangu siku ile Fundi alisimama ngazi ya juu, safu ya nyuma, upande wa kulia. Wengi walidhani ni unyenyekevu. Yeye alisema pale ndipo angesikia mbao ikianza kulia kabla haijavunjika na kumwangusha mtoto wa mtu.

Ubao wa solfa nao ni wake. Wageni wetu huenda hawajui kwamba do, re, mi tunazozitumia zilienezwa katika karne ya 19 na mchungaji Mwingereza John Curwen, ili watu wasiosoma nota za mistari waweze kuimba sauti 4. Fundi aliacha shule darasa la 4. Mwalimu wetu alipomwagiza ubao mpana, Fundi aliuliza kila herufi ina kazi gani ili ajue mistari aipake rangi kwa nafasi gani. Alipomaliza kuupaka, alikuwa ameshajua solfa. Hivyo ndivyo alivyoingia kwenye kwaya: alileta ubao, akaketi kungoja malipo, mazoezi yakaanza, naye akaanza kuimba.

Miaka ile ngoma zilikuwa bado zinabishaniwa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa umefungua mlango mwaka 1963 kwa hati yake juu ya liturujia, nyimbo zikaanza kuimbwa kwa lugha za watu na kwa ala zao. Hata hivyo wazee wengine waliona ngoma kanisani ni aibu. Fundi hakuingia katika mabishano. Alitengeneza kigoda kizuri cha kuwekea ngoma, chenye msalaba mdogo mbele, akakileta Jumapili mapema. Ilikuwa vigumu kwa mtu kukitoa nje.

NYUMBA YAKE

Mkewe alikuwa mchuuzi wa samaki, na ndivyo walivyokutana, sokoni. Walijaliwa watoto 7. Jambo lililowashangaza majirani ni jinsi walivyoshika pesa. Jioni, Fundi aliweka mezani kila shilingi aliyopata mbele ya mkewe, naye mkewe akaweka ya samaki. Wakagawa pamoja: ya mbao, ya karo, ya chakula, ya sadaka. Kuna wanaume waliomcheka wakisema amekaliwa. Aliwajibu kwamba fundi asiyepima mara mbili huharibu mbao, na yeye peke yake hupima mara moja tu.

Karo ya watoto 7 haikutoka kwa viti vya kanisa. Mara nyingi aliwaendea walimu wakuu na kupatana nao alipe kwa madawati. Serikali ilipofuta karo ya shule za msingi Januari 2003, madarasa yalijaa watoto mpaka wengine wakaketi sakafuni, na karakana yake ilifanya kazi mpaka usiku kwa taa. Kabla ya hapo, ujenzi wa mtambo wa umeme wa Sondu-Miriu ulipoanza mwaka 1999, mafundi wengi wa hapa walipata kibarua cha kuunda fomu za mbao za kumwagia zege. Mtambo huo leo huzalisha megawati 60, baada ya maji ya mto wetu kupitishwa chini ya ardhi kwa kilomita 6 hivi. Fundi naye alikwenda. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kupokea mshahara wa kila mwezi, na mabinti zake wawili walimaliza chuo kwa pesa hiyo. Jumamosi jioni hakukosa mazoezi. Alifika na saruji bado iko kwenye viatu.

Familia yake ilikuwa kwaya ndogo. Mama aliimba sauti ya kwanza, mabinti sauti ya pili, kijana wao mkubwa sauti ya tatu. Kuna mvua moja kubwa iliyokata njia, mazoezini wakafika wao tu na mwalimu. Mwalimu anasema walifanya mazoezi ya wimbo mzima bila kupungukiwa sauti.

Binti yake wa tatu alipenda randa kuliko vitabu. Watu walimwambia Fundi kwamba msumeno si wa msichana, na kwamba karakana ina wana wa kiume wa kuirithi. Hakubishana nao. Alimpa binti kazi ya milango, ambayo ndiyo kazi ngumu, kwa sababu mlango ukikosewa kidogo tu kila anayepita hujua. Milango ya sakristia ni ya binti huyo. Leo karakana ni yake.

KOSA LETU

Sasa tuseme habari ya ukurasa ule wa pili katika daftari.

Kamati ya wakati ule, na baadhi yetu tulikuwamo, ilikuwa na sheria kali ya mazoezi. Fundi alikosa mara 3 mfululizo, nasi tukamsimamisha bila kumwuliza. Baadaye tuligundua kwamba mtoto wake wa mwisho alikuwa amelazwa kwa malaria kali, naye alikuwa akimpokea mkewe zamu ya usiku wodini. Hakutuma taarifa kwa sababu hakuwa na mtu wa kumtuma, na alidhani tungekuja kumtafuta.

Hatukwenda kumtafuta. Kwa miezi kadhaa aliketi katikati ya waumini na kuimba besi kutoka kitini, taratibu, ili asitushinde. Kisha Jumamosi moja ngazi ya pili ya jukwaa ikavunjika wakati wa mazoezi. Jumapili alfajiri katekista alimkuta Fundi amepiga magoti na nyundo, anaitengeneza. Mwenyekiti alimwambia tu, "Panda nafasi yako." Akapanda. Hakuna aliyemwomba radhi, siku ile wala baadaye. Tunaandika hapa ili wanakwaya watakaotufuata wajue kwamba sheria ya mahudhurio ni nzuri, lakini mtu akikosekana, la kwanza ni kwenda kwake.

MIAKA MIGUMU

Mapigano ya kikabila yaliyoanza Oktoba 1991 katika shamba la Meteitei, upande wa Nandi, yalienea, na mwaka 1992 yakafika mpakani kwetu. Tume ya Jaji Akiwumi iliyoteuliwa mwaka 1998 ilichunguza mambo ya miaka ile, na sisi hatutarudia hapa nani alifanya nini. Wazee wetu wa pande zote mbili walizika watoto wao.

Wakati ule Fundi alikuwa na vijana wawili wa Kikipsigis wakijifunza kazi. Walilala karakanani siku za wiki na kurudi kwao juu Jumamosi. Hali ilipoharibika, walilazimika kuondoka usiku na nguo walizovaa tu. Masanduku yao ya vifaa yalibaki. Kila mtu anayejua Sondu anajua kwamba mvua zetu huutia msumeno kutu kwa wiki chache. Fundi aliyafungua masanduku yale, akafuta kila msumeno, kila patasi na kila randa kwa kitambaa chenye mafuta, akafunga. Alirudia hivyo kila wiki 2 kwa muda wote walipokuwa mbali. Baadhi ya majirani walikasirika kwamba anatunza mali ya watu wa upande ule, na mmoja alimtishia kuchoma karakana. Aliendelea kufuta misumeno. Vijana waliporudi, hawakuona doa la kutu. Mmoja wao ana karakana yake Kericho siku hizi, na atakuwa nasi leo pamoja na mkewe.

Kisha ikaja miaka ya Ukimwi. Serikali iliutangaza kuwa janga la taifa Novemba 1999, lakini sisi tulikuwa tumejua mapema kwa idadi ya mazishi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2003 ulionyesha kwamba Nyanza karibu watu 15 katika kila watu wazima 100 walikuwa na virusi, wakati taifa zima lilikuwa na kama 7. Kwaya iliimba mazishini Ijumaa na Jumamosi, wakati mwingine mara mbili kwa siku moja. Kazi ya majeneza ilimjia Fundi bila yeye kuitafuta.

Wengine walipanga majeneza barabarani ili wasafiri wayaone. Yeye aliyaweka nyuma ya karakana na kuyafunika turubai. Alisema mgonjwa anayepita kwenda hospitali kwa matatu asikutane na jeneza njiani. La mtoto alitoza bei ya mbao na misumari tu. Alilifikisha nyumbani kwa wafiwa, akaliweka chini, akanawa mikono, kisha akaja kusimama nasi safu ya nyuma kuimba. Mkewe alituambia kwamba siku ya jeneza la mtoto hakula chakula cha jioni, na watoto wake walijua wasimwulize kitu. Aliwaita wote 7 wakae naye tu mpaka usingizi uwachukue.

MBAO ZA MVULE

Juu ya boriti za karakana yake kulikuwa na mbao 6 za mvule. Mti wenyewe uliangushwa na upepo nyumbani kwa wajomba zake, nao wakampa. Alizikausha miaka mingi bila kuzigusa. Sote tuliamini kwamba anaweka akiba ya jeneza lake, kwa sababu hakuna fundi anayependa kuzikwa katika mbao mbaya. Tulimtania juu ya jambo hilo, naye alicheka bila kujibu.

Alifariki miaka ile ambapo serikali ilikuwa imesimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, marufuku iliyoanza Februari 2018 na kudumu mpaka 2023. Mbao zilikuwa ghali na adimu. Wanafunzi wake wa zamani walikusanyika kumtengenezea jeneza, wawili wakitoka juu na watatu wakiwa wa hapa. Wakaziteremsha zile za mvule. Nyuma ya ubao wa kwanza walikuta maandishi ya chaki: "Kabati la vitabu vya kwaya." Chini yake kulikuwa na vipimo vyote, urefu, upana na kina, na idadi ya rafu.

Palitokea ubishi mkubwa. Sisi wanakwaya tulisema kwa sauti moja kwamba mbao zitumike kumzika, kabati tutanunua. Wanafunzi wake waligawanyika. Mwishowe mjane alitoka nje, akasoma chaki kwa mwanga wa simu, akasema, "Ameshapima." Basi. Fundi alizikwa katika jeneza la saipresi, lililounganishwa kwa ulimi na tundu kama alivyowafundisha, bila msumari hata mmoja unaoonekana. Baada ya matanga, binti yake alitengeneza kabati kwa vipimo vile vile. Ndilo lililo kando ya kinanda, lenye madaftari ambayo hayamtaji.

TUNAYEMSHUKURU LEO

Kanisa linamheshimu Mtakatifu Yosefu kwa vyeo vingi. Papa Pius IX alimtangaza msimamizi wa Kanisa lote mwaka 1870, na mwaka 1955 Papa Pius XII akaweka Mei 1 kuwa sikukuu yake kama mfanyakazi. Papa Fransisko alimtolea mwaka mzima, tangu Desemba 2020 hadi Desemba 2021. Hata hivyo, ukisoma Injili zote 4 hutakuta neno moja lililotoka kinywani mwake. Tunasoma kwamba alimchukua mama na mtoto usiku akawapeleka mahali salama, kwamba alirudi nao, na kwamba watu wa mji walimjua kwa kazi yake. Walioandika hawakutunza maneno yake. Walitunza alichofanya.

Mjane wa Fundi hakuyataja hayo, ila ombi lake lilifanana nayo, ndiyo maana tumeandika hivi.

Mwaka 2023 watu waliuawa tena hapa mpakani kwetu, na maduka yakafungwa. Fundi hakuyaona. Binti yake aliwarudisha makwao vijana wake wa Kikipsigis kwa usalama wao, akayaweka masanduku yao ndani, na kila baada ya wiki 2 aliyafungua na kupaka mafuta. Hakuna aliyemwagiza. Wamesharudi kazini.

Kwa hiyo tunawaomba mambo mawili. Sadaka ya pili katika Misa ya leo itanunua masanduku 4 ya vifaa kwa vijana 4 watakaojifunza katika karakana ile, wawili kutoka juu na wawili kutoka chini. Toeni kwa moyo, maana tulikuwa na deni la viti ambalo, kwa aibu yetu, hatukuona popote kwamba lilimalizwa.

La pili ni kwa wanakwaya. Tutakapopanda jukwaani kwa wimbo wa kuingia, nafasi ya juu upande wa kulia itaachwa wazi. Baada ya leo haitaachwa tena. Jumapili ijayo mjukuu wake, ambaye sauti yake imeanza kuwa nzito mwaka huu, ataichukua, na mwenyekiti ameombwa aandike hivyo kwenye daftari.

Bwana ampe pumziko la milele, na mwanga wa milele umwangazie. Erokamano, Fundi.